Dawa za kingamwili: mama aweza kunyonyesha?

Wafugaji wa Kitale wanajua kuwa ndama asiyenyonya dang'a siku ya kwanza ni vigumu kupona. Ndama huzaliwa bila kingamwili za mamake, kwani kondo la nyuma la ng'ombe haliziruhusu kupita. Yeye huzipata katika dang'a. Mtoto wa binadamu ni kinyume: hupokea nyingi akiwa tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba.

Tofauti hiyo yamhusu sana mama anayechomwa dawa ziitwazo kingamwili za monokloni. Hizi hutengenezwa katika maabara, zote za namna moja, na hulenga kitu kimoja tu mwilini. Infliksimabu na adalimumabu hutuliza baridi yabisi kali na ugonjwa wa Crohn unaotia vidonda matumboni. Tazama pakiti: majina mengi ya dawa hizi huishia na herufi m-a-b.

Je, mama huyo anyonyeshe? Majirani, na pengine mama mkwe, watamwambia amwachishe mtoto mara moja. Wanamtakia mema, lakini wamekosea. Chembe za dawa hizi ni kubwa mno, hivyo kiasi kinachoingia katika maziwa ni chini ya sehemu moja kwa mia ya kile kilichomo katika damu ya mama. Hicho kidogo nacho humeng'enywa tumboni mwa mtoto kama ute wa yai. Ndiyo sababu hata mama mwenyewe hapewi vidonge, bali sindano. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 haukuona maradhi ya kuambukiza yakizidi kwa watoto walionyonyeshwa na mama wanaotumia dawa hizi. Kumwachisha kichanga na kumpa maziwa ya chupa yaliyokorogwa kwa maji yasiyo safi kunaweza kumletea kuhara, na kuhara huua.

Lakini mama aangalie dawa nyingine anazopewa pamoja na hizo. Methotreksati, inayotumiwa sana kwa baridi yabisi, na dawa za kemikali za saratani ni jambo jingine. Hapo daktari huenda akamkataza kunyonyesha.

Hatari ambayo wengi hawaifikirii haimo katika maziwa. Imo katika chanjo. Dawa aliyochomwa mama akiwa mja mzito hupita kwenye kondo la nyuma kama kingamwili zake mwenyewe, na yaweza kubaki katika damu ya mtoto kwa miezi kadhaa. Nchini Kenya mtoto huchanjwa BCG mkononi mara azaliwapo, kumkinga na kifua kikuu. Chanjo hiyo ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto ambaye mamake alitumia infliksimabu wakati wote wa mimba. Alizaliwa mzima, akachanjwa BCG akiwa na miezi 3, na akafariki akiwa na miezi minne na nusu, vijidudu vya chanjo vikiwa vimeenea mwilini.

Tangu 2022 mamlaka ya dawa ya Ulaya imeshauri mtoto aliyepata infliksimabu tumboni asipewe chanjo hai hadi miezi 12, isipokuwa daktari aone vingine. Kwetu, ambako kifua kikuu kingalipo, kungoja nako kuna hatari yake. Uamuzi huo ni wa daktari, na nyumbani mtu anayekohoa apimwe mapema.

Shida ni kwamba mama wa Bungoma au Kitale huenda akatibiwa na mtaalamu katika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, kisha akajifungulia karibu na kwao. Muuguzi wa huko hana habari ya sindano zile. Basi jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho viandikwe katika kijitabu cha kliniki kabla ya siku ya kujifungua. Matone ya polio na chanjo ya rota ni hai pia, kwa hiyo yaulizwe. Chanjo zisizo hai huendelea kwa ratiba ya kawaida.

Na aliyeanza dawa baada ya kujifungua? Mtoto wake hakuipata tumboni, na kwa kawaida BCG amekwisha kuchanjwa. Hata hivyo, kama dawa ni infliksimabu, amwulize daktari kabla ya chanjo hai zinazofuata, ile ya surua ya miezi 9 ikiwamo. Kunyonyesha aendelee.