Ukizidiwa Kilimanjaro, nani atalipia kukuokoa?

Karibu na saa sita usiku, katika kambi ya Barafu iliyo zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, wapandaji huwasha taa za kichwani na kuanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Hapo ndipo wengi huzidiwa, na saa hizo kwa kawaida helikopta hairuki. Watakaokushusha ni kiongozi wako, askari wa hifadhi na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Kwa hiyo jua mapema gharama ya kukuokoa inabebwa na nani.

Ada ya uokoaji inalipia nini

Mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ada ya uokoaji ya dola 20 kwa safari. Mara nyingi kampuni huwa imeshaijumlisha kwenye bei, ndiyo maana wengi hawajui kuwa wameilipa. Ada hiyo ni kwa ajili ya uokoaji wa ardhini. Mgonjwa hufungwa mikanda juu ya machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, kisha wanaume kadhaa huishika mbele na nyuma na kuteremka nayo mbiombio juu ya mawe. Helikopta na matibabu ya hospitali havimo. Hivyo viwili hulipiwa na bima, au na mfuko wako.

Wenzetu wanafanyaje

Ufaransa, askari wa jandamari (polisi wa kijeshi) walioko mji wa Chamonix huokoa watu milimani kwa fedha za umma. Uswisi, helikopta za shirika la uokoaji la Rega hutoza, na kwa kawaida bima ndiyo hulipa. Jimbo la New Hampshire, Marekani, huuza kadi ya uokoaji ya dola 25 kwa mwaka. Asiye nayo akipata shida kwa uzembe wake anaweza kudaiwa gharama za kumwokoa.

Kwa maoni yangu, machela ilipiwe na mfuko wa pamoja, na mtu asiulizwe fedha kabla ya kubebwa. Anayeogopa bili huficha ugonjwa, na kwenye mwinuko ule kuchelewa huua. Helikopta ni jambo jingine. Si haki mkulima wa Rombo, chini ya mlima huu, anayelipa kodi kila anunuapo sukari, amlipie mgeni aliyeweza kukata bima. Tena panahitajika uangalizi: mwaka 2018 uchunguzi wa serikali ya Nepal ulibaini wapandaji waliopakiwa kwenye helikopta bila sababu ili bima zitozwe.

Katika mjadala huu, mpagazi, yaani mgumu, husahaulika. Naye huumwa kichwa, huteleza, hupigwa na baridi, wala mara nyingi hana bima kama ya mgeni. Ulinzi wake uwe sharti kwa kila kampuni inayopandisha wageni.

Kabla ya kupanda

1. Soma bima yako. Nyingi zina kikomo cha mwinuko. Hakikisha yako inafika mita 6,000 na inataja helikopta.
2. Andika namba ya bima na simu ya dharura ya kampuni hiyo kwenye karatasi, umpe kiongozi nakala.
3. Uliza kama kampuni ina oksijeni na kipimo cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni mwilini, na nani huamua mtu ashushwe.
4. Uliza mgumu akiugua nani humtibu. Jibu likiwa la kubabaisha, tafuta kampuni nyingine.
5. Chagua safari ya siku nyingi. Mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi.

Ukiwa mlimani

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza, mwambie kiongozi, na usipande zaidi mpaka upate nafuu. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, mwambie atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama anayefuata kamba. Akiyumba, au akihema kwa shida hata akiwa ameketi, mshusheni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msikae kusubiri helikopta: kushuka ndiyo dawa ya kwanza.

Ukirudi getini kwa miguu yako mwenyewe, usihesabu kwamba ada ile ya uokoaji imepotea. Kuna mwenzako imemshusha.