Kompyuta Inapozima Baada ya Kuwekewa Windows Mpya: Tafuta Chanzo Kabla ya Kurudia

Katika Kata ya Idodi, kama ilivyo katika kata nyingine za Halmashauri yetu, ofisi ya umma inaweza kutegemea kompyuta moja au mbili tu. Humo hutunzwa orodha za wanafunzi, kumbukumbu za huduma na taarifa za fedha za kituo. Kompyuta hiyo inapogoma, mwananchi husubiri na taarifa ya robo mwaka huchelewa.

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi zimekuwa na sababu ya kubadili mfumo endeshi, kazi ambayo mafundi huiita "kupiga Windows". Baada ya kazi hiyo, baadhi ya kompyuta huanza kuganda, kuonesha skrini ya bluu au kujizima. Wengi huamua kupiga Windows tena, na tena. Somo hili linaeleza kwa nini uamuzi huo mara nyingi hauleti nafuu, na nini kifanyike badala yake.

Kanuni ya msingi

Mfumo mpya huondoa programu za zamani pamoja na virusi vilivyokuwa katika sehemu ya diski iliyofutwa. Ikiwa kompyuta bado inazima, chanzo kimebaki mahali ambapo usakinishaji haufiki, au kimeingia pamoja na usakinishaji wenyewe. Vinavyobaki kushukiwa ni umeme, joto, kumbukumbu ya muda (RAM), diski, draiva na nakala ya Windows iliyotumika. Vichunguzwe kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kompyuta ikapona, hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Hatua ya kwanza: okoa kazi zako

Taarifa zilizokwisha kuingizwa katika mifumo ya mtandaoni kama PlanRep zipo kwenye seva. Kinachopotea ni barua, mihtasari ya vikao na majedwali yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta yenyewe. Yanakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya jaribio lolote, kwa kuwa diski inayokaribia kufa huweza kukata roho wakati wa kupimwa.

Hatua ya pili: soma dalili

Kompyuta inayozima ghafla kama taa, bila ujumbe wowote, huelekeza kwanza kwenye umeme au joto. Inayoonesha skrini ya bluu hutoa neno la utambulisho. Liandikwe au lipigwe picha kwa simu. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL huelekeza kwenye draiva, MEMORY_MANAGEMENT kwenye RAM, na WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR kwenye vifaa vyenyewe. Maneno haya ni dalili tu; hukumu hutolewa baada ya vipimo. Kuona historia ya matukio, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika perfmon /rel. Kalenda itakayofunguka huonesha siku ambazo hitilafu ilitokea.

Hatua ya tatu: jaribu nje ya Windows

Washa kompyuta, ingia kwenye ukurasa wa BIOS na uiache hapo kwa nusu saa. Ikizima hapo, Windows haihusiki, kwa sababu bado haijaanza kufanya kazi. Kagua waya wa umeme, chaja, UPS na feni. Idodi ni eneo la joto, na vumbi la kiangazi huziba matundu ya hewa. Zima kompyuta, chomoa waya, kisha pulizia vumbi nje. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya kitambaa au mto.

Hatua ya nne: kagua draiva

Draiva ni programu inayowezesha Windows kuwasiliana na kifaa kama kadi ya picha au ya mtandao. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli, na epuka vifurushi vya "draiva zote" vinavyosambazwa kwa flashi. Programu inayofanya kazi katika kiini cha mfumo ikikosea, huangusha kompyuta nzima. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ingawa vifaa vyake vilikuwa vizima.

Hatua ya tano: pima RAM na diski

Bonyeza Windows na R, andika mdsched.exe, kisha ruhusu kompyuta ijiwashe upya ili ipime RAM. Kwa diski, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike chkdsk C: /f. RAM au diski iliyoharibika huhitaji kubadilishwa. Kupiga Windows hakuiponyi.

Hatua ya sita: kagua nakala ya Windows

Vipimo vyote vikiwa safi, andika sfc /scannow ili Windows ikague faili zake. Makosa yakijirudia, nakala iliyotumika huenda ilikuwa pungufu au iliyochezewa. Hapo ndipo kurudia usakinishaji kunapokuwa na maana, kwa nakala halali kutoka Microsoft na kwa flashi nyingine. Kumbuka pia kuwa Windows 11 huhitaji TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 kwa uchache. Kompyuta iliyolazimishwa kuipokea bila sifa hizo haina uhakika wa kupata masasisho.

Lini usimame

Ukisikia harufu ya kuungua, diski ikigonga, au ikiwa kompyuta hiyo ndiyo seva ya kituo, zima na uwasiliane na Kitengo cha TEHAMA cha Halmashauri. Usikabidhi kompyuta yenye taarifa za wagonjwa au wanafunzi kwa fundi wa nje bila kibali. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Unapotoa taarifa, eleza modeli ya kompyuta, neno lililoonekana kwenye skrini, tarehe ya usakinishaji, na hatua ulizokwisha kuzijaribu. Maelezo hayo humwezesha mtaalamu kuja Idodi akiwa na kifaa kinachohitajika, na kumwepusha na safari ya pili.