SUNGURA WA KUFUGWA: KUCHAGUA MBEGU NA KUITUNZA
Mafunzo kwa wakulima wadogo wa Shinyanga na Geita

1. FAIDA YA SUNGURA. Katika nchi ya Wasukuma ng'ombe ni mali, wala mtu hachinji ng'ombe kwa kitoweo cha siku moja. Kuku nao hufa kwa mdondo, na pengine boma zima hubaki bila kuku hata mmoja. Kwa hiyo nyumba nyingi hukaa siku nyingi bila nyama. Sungura haugui mdondo, hula majani yasiyoliwa na watu, na mahali pa kumweka ni padogo. Haya, tufanye hesabu. Majike 2, kila mmoja akizaa mara 3 kwa mwaka, na katika kila uzazi wakikua wana 5 tu, mkulima atapata sungura 30. Sungura mwenye uzito wa kilo 2 hutoa nyama ipatayo kilo 1. Mavi yake ni mbolea njema kwa bustani ya mboga, hasa katika udongo wa mchanga uitwao luseni, ambao huchoka upesi.

Walakini kazi hii haimtajirishi mtu kwa haraka. Akitokea mtu auzaye sungura wa mbegu kwa bei kubwa, naye akaahidi kununua wana wote watakaozaliwa, usiuze ng'ombe wako kwa ahadi hiyo. Kwanza uliza katika masoko yaliyo karibu nawe, kama vile Kahama, Katoro au Geita mjini, ni nani alaye sungura na atoa bei gani. Anza na dume 1 na majike 2. Nyumba yako ikiisha kuzoea nyama yake, na wanunuzi wakiwapo, ndipo uongeze.

2. SUNGURA WA PORINI SIYE HUYU. Yule sungura mwerevu wa hadithi zetu, akimbiaye mbugani, ni mnyama mwingine kabisa. Wana wake huzaliwa wakiwa na manyoya, na macho yao yamefumbuka. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno. Wana wake huzaliwa uchi na vipofu, nao hufumbua macho kwa siku ya 10 au ya 12. Wanyama hawa wawili hawazaliani. Basi usipoteze siku zako kumtega wa porini ili kumfanya mbegu.

3. KUCHAGUA MBEGU. Mbegu mbaya hula sawasawa na mbegu njema. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mshike mnyama mikononi mwako, umtazame kwa utaratibu huu:

(a) Macho yawe maangavu, na pua iwe kavu. Tazama upande wa ndani wa miguu ya mbele: manyoya yakiwa yameshikamana kwa ute, mnyama huyo ana mafua, naye hujipangusa pua kwa miguu. Usimnunue.
(b) Masikio yawe safi ndani, yasiwe na magamba wala ukoko.
(c) Fungua midomo, utazame meno. Meno ya mbele ya juu yakae mbele kidogo ya yale ya chini, na yakutane. Meno ya sungura hukua siku zote. Yasipokutana hayasagiki, huwa marefu, na mnyama hufa njaa. Kasoro hii aghalabu hurithiwa na wana.
(d) Sehemu ya nyuma iwe kavu, isiwe na alama za kuhara. Nyayo za nyuma ziwe na manyoya mengi, bila vidonda.
(e) Jike awe na chuchu 8 au zaidi, naye awe amezaliwa na mama anyonyeshaye vema na kulea wana wengi.
(f) Dume na jike wasiwe wa mama mmoja wala wa baba mmoja. Ni vema kununua dume kijiji kingine.

Wauzaji wengi hukosea dume na jike. Kwa sungura wa miezi 3, bonyeza polepole penye sehemu ya siri: kwa dume huchomoza kitu cha mviringo, na kwa jike huonekana mwanya mrefu.

Kwa habari za aina, New Zealand mweupe, ambaye hufika kilo 4 hadi 5, na California, ambaye ni mdogo kidogo, hufaa kwa nyama. Majitu yale yapitayo kilo 6 hupendeza macho, lakini hula sana na huteseka kwa joto. Katika nchi ya Shinyanga sungura wa kadiri ndiye bora.

4. BANDA. Sungura huvumilia baridi kuliko joto. Kwa hiyo jenga chini ya mti wenye kivuli, uezeke kwa nyasi. Bati tupu humwoka mnyama ndani. Kizimba cha mkubwa mmoja kiwe na urefu wa futi 3, upana wa futi 2, na kimo cha futi 1 na nusu; cha jike mwenye wana kiwe na urefu wa futi 4. Kiinuliwe futi 2 hadi 3 kutoka ardhini. Sakafu iwe ya wavu wenye matundu ya nusu inchi, au ya fito laini zilizoachana nusu inchi, ili mavi yaanguke chini. Miguu ya banda isimame ndani ya makopo yenye maji au oili chafu, kwa kuzuia siafu na mchwa. Komea milango kila jioni, maana nyoka, nguchiro, paka na mbwa hupenda nyama hii kama wewe. Kila sungura mkubwa akae peke yake. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana na kuumizana vibaya.

5. CHAKULA. Chakula kikuu ni nyasi, hasa zilizokauka vema. Tumbo la sungura lataka nyuzinyuzi. Akila majani mororo peke yake huhara. Pamoja na nyasi mpe majani ya viazi vitamu, kongwa, kishona nguo, mchicha, na majani ya karanga baada ya kuvuna, iwapo hayana ukungu. Majani yenye umande au yaliyolowa mvua yaanikwe kwanza hata yanyauke. Pumba za mahindi zitolewe konzi moja tu kwa siku, na jike anyonyeshaye aongezwe. Majani ya mlusina yasizidi sehemu ndogo ya chakula, maana yakizidi hunyonyoa manyoya.

Usimpe kamwe majani ya nyanya, wala ya viazi mviringo, wala ya mbarika. Mnyaa, ambao wengi wameupanda uwe ua wa boma, una utomvu mkali. Usichanganyike na nyasi ulizokata. Majani ya mihogo mabichi yana sumu. Yaanikwe hata yakauke kabisa. Wala usikate majani ndani au kando ya shamba la pamba lililonyunyiziwa dawa.

Shida kubwa ya Shinyanga ni kiangazi. Mkubwa mmoja hula kadiri ya gramu 150 za nyasi kavu kwa siku. Kutoka mwanzo wa Juni hata mwisho wa Oktoba ni siku 153. Hivyo kila mmoja ataka kilo 23, na watatu wataka kilo 69. Kwa kuwa nyingine hukanyagwa na kupotea, weka kilo 90. Basi mwezi wa Mei, nyasi zikiwa bado zina rangi ya kijani, kata katika ngitili yako, anika kivulini, funga matita, uyaweke mahali pasipovuja. Asiyeweka nyasi mwezi wa Mei atachinja mbegu yake mwezi wa Septemba.

Usishangae ukimwona sungura akila mavi yake mororo usiku au alfajiri. Si ugonjwa, ndivyo tumbo lake lilivyoumbwa, nalo hupata nguvu ya chakula mara ya pili.

6. MAJI, NA SUMU YA MACHIMBO. Maji safi yawepo mchana na usiku, katika chombo kizito kisichopinduka. Jike anyonyeshaye wakati wa joto aweza kunywa lita 1 na kupita kwa siku. Akikosa maji maziwa hukauka.

Hapa wakulima wa Geita, Nyang'hwale, Mbogwe na sehemu za Kahama wana neno la kuangalia zaidi. Dhahabu imechimbwa Geita tangu miaka ya 1930, na leo wachimbaji wadogo ni wengi. Penye mialo na makarasha zebaki hutumika kukamata dhahabu, na penye marudio hutumika sayanidi. Sayanidi yaweza kuua mnyama mara moja. Zebaki huua polepole: haiozi, nayo hukaa katika tope. Kwa hiyo usichote maji katika mashimo hayo wala katika kijito kipitacho chini yake. Usikate majani kando yake. Na sahani, ndoo au karai lililotumika kazi ya dhahabu lisiwe chombo cha kulishia. Sumu hiyo humwingia sungura, kisha humwingia mtoto wako alaye nyama yake.

7. KUPANDISHA NA KUZAA. Jike apandishwe akiwa na miezi 6, dume miezi 6 au 7. Mpeleke jike katika kizimba cha dume. Usimpeleke dume kwa jike, maana jike hulinda nyumba yake kwa kuuma. Fanya hivyo asubuhi mapema. Dume akianguka ubavuni, kazi imekwisha. Mimba ni siku 31, ikizidi au kupungua siku moja. Ratiba ni kama hii:

Kupandishwa: tarehe 1 Machi.
Kuweka sanduku la kuzalia, lenye nyasi laini: tarehe 28 Machi.
Kuzaa: tarehe 1 Aprili au karibu yake.
Wana kutoka sandukuni: karibu na tarehe 22 Aprili.
Kuachishwa ziwa: tarehe 20 Mei.

Jike hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, na kwa dakika chache. Asipoonekana sandukuni usidhani amewatupa wana wake. Siku ya kwanza ondoa waliokufa, kisha mwache atulie.

Joto likipita digrii 30 kwa siku nyingi, mbegu ya dume hudhoofika, na nguvu hurudi baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo Septemba na Oktoba si miezi ya kupandisha. Anza Januari, majani yakiwa mengi.

8. MAGONJWA. Kuhara huua wana kuliko ugonjwa mwingine wowote, na sababu kubwa ni uchafu: fagia kila siku, wala usitupe chakula sakafuni. Ukoko masikioni huletwa na wadudu wadogo. Tia matone ya mafuta ya kula kwa siku kadhaa, na ukizidi mwone afisa mifugo. Mwenye mafua atengwe mbali na wenzake. Sungura akihema upesi kwa joto, mlowanishe masikio kwa maji na umhamishie kivulini.

9. WATOTO NA SUNGURA. Mtoto akipewa sungura awe wake hujifunza kuangalia mnyama. Lakini afundishwe kwanza kushika: mkono mmoja ngozi ya mabegani, mkono wa pili chini ya matako. Kumwinua kwa masikio ni kumtesa, na akirusha miguu ovyo aweza kujivunja mgongo. Tena ni haki kumwambia mtoto mapema ni yupi wa kukaa na yupi wa kuchinjwa.

10. Weka daftari: tarehe ya kupandishwa, idadi ya waliozaliwa, na idadi ya waliokua. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuonyesha jike wa kuweka na jike wa kutia chunguni.