Laikeni ya Ardhini: Namna ya Kuitambua na Mahali pa Kuitafuta

Kwenye mashina ya minazi na miembe ya Ukonga, Dar es Salaam, kuna mabaka ya kijivu au ya kijani kilichopauka. Wengi hudhani mti umeugua, wakayakwangua kwa panga. Hayo ni laikeni, yaani kuvu na mwani vilivyoungana kuishi pamoja: kuvu hujenga mwili, mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Laikeni hainyonyi mti. Panga ndilo linaloumiza gome.

Ziko pia laikeni zinazoota juu ya udongo, ila mjini ni adimu. Hukua polepole mno, nyingi milimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo zinataka ardhi iliyotulia. Nyua zetu za kichanga hufagiliwa kila asubuhi, hukanyagwa mchana kutwa, na masika huzichimbua. Penye nyasi ndefu au majani makavu mengi nako hukosa mwanga. Kwa hiyo chunguza udongo mgumu ulio wazi, pasipopitwa na watu, hasa kingo za zamani zilizochongwa kwenye miinuko.

Laikeni za ardhini zinastawi zaidi kwenye baridi na unyevu wa milimani: Uluguru, Usambara, Kilimanjaro. Huko mashuhuri ni jamii ya Cladonia. Chini hutandaza vigamba vidogo vya kijani-kijivu, na juu yake husimama vijiti vyenye uwazi ndani. Baadhi vimepanuka juu mithili ya kikombe, baadhi vina matawi, na spishi kadhaa zina ncha nyekundu.

Usiamue kwa rangi peke yake. Dondoshea maji kidogo: laikeni kavu huvunjika kwa urahisi, ikilowa hulainika na mara nyingi huzidi ukijani papo hapo. Ukiona vijani vidogo vilivyopangana kwenye kijishina, hiyo si laikeni. Utando unaoteleza baada ya mvua huwa ni mwani mtupu.

Pwani yetu inaijua laikeni tangu zamani. Marere, inayoota kwenye mikoko na miti ya ufukweni, ilisafirishwa Ulaya kupitia Zanzibar katika karne ya 19 ili kutoa rangi ya zambarau. Rangi ya karatasi za litmasi za maabara za shule nayo asili yake ni laikeni za jamii hiyohiyo.

Kutaja spishi kamili kunahitaji hadubini na kemikali; kitabu cha Swinscow na Krog cha mwaka 1988 kuhusu laikeni za Afrika Mashariki bado ni msaada mkubwa. Wewe piga picha kwa karibu, weka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, andika mahali, tarehe na aina ya udongo, kisha waonyeshe wataalamu wa botania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tafadhali usiing'oe: kipande cha ukubwa wa kiganja huenda kina umri wa miaka mingi.