Swali Gumu Lisikulie Saa

Umesoma mitandao ya kompyuta, sasa unautaka mtihani wa CCNA wa Cisco? Ule wa 200-301, ulioanza Februari 2020, ni dakika 120, na ada yake ilipangwa dola 300 za Marekani. Hela ya mzazi hiyo! Tena ukishapita swali, hulirudii. Ile tabia yetu ya kuruka swali gumu, eti "nitalirudia", huku haipo.

Basi kasi itafute nyumbani. Chukua mtandao wa /26. Toa 26 kwenye 32, zinabaki biti 6. Hesabu maradufu mara sita: 2, 4, 8, 16, 32, 64. Anwani ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, kwa hiyo vifaa vinapata 62. Piga hesabu kumi za hivi kila siku, saa ikiwa mezani.

Kukesha usiku wa mwisho? Acha bwana! Kichwa chenye usingizi husoma swali moja mara tatu. Moyo ukikwenda mbio, vuta pumzi, itoe taratibu, chagua jibu lililo karibu, songa. Dakika ya 60 ikifika, tazama namba ya swali kwenye skrini. Kama hujafika nusu, ongeza mwendo.