Dawa, Utafiti na Mwili wa Mwanamke: Mambo ya Kuuliza Kliniki

Kwa miaka mingi, mama mwenye mimba changa akiugua malaria alipewa kwinini: vidonge mara tatu kwa siku, siku saba mfululizo, masikio yakivuma na kichwa kikizunguka. Jirani yake asiye na mimba alimeza dawa mseto, ALu, kwa siku tatu akarudi kwenye shughuli zake. Si wote walioandikiwa kwinini waliomaliza dozi, na malaria isiyotibiwa vizuri humpunguzia mama damu na huweza kuharibu mimba.

Dawa mseto haikuzuiwa kwa sababu ilikuwa imeonekana kuwadhuru wajawazito. Majaribio kwa wanyama yalitia hofu, na wenye mimba ya chini ya miezi mitatu wakaachwa nje ya tafiti za dawa hiyo. Ushahidi ulikuja polepole, sehemu kubwa kutoka kwa wanawake waliomeza ALu kabla ya kujua kwamba wameshika mimba. Takwimu zao zilipounganishwa, mimba hazikuharibika zaidi, wala watoto hawakuzaliwa na kasoro zaidi, kuliko kwa waliotumia kwinini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza ALu hata katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa hiyo ukienda kupima malaria, sema kama una mimba au kama hujaona siku zako, kisha uliza mwongozo wa sasa unasemaje. Usikisie dawa dukani.

Wako wanaoona kwamba kumweka mwanamke nje ya utafiti ni kumlinda yeye na mtoto wake. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 thalidomaidi iliuzwa Ulaya kama dawa ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu iliyodumaa. Mwaka 1977 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikaelekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na mwongozo huo haukubadilishwa hadi 1993. Lakini maafa ya thalidomaidi yalitokea kwa sababu iliwafikia wajawazito bila kupimwa ipasavyo. Kuwaondoa wanawake kwenye utafiti hakukuwaondolea ugonjwa. Waliendelea kuumwa na kumeza dawa, ila kila mmoja akawa anajaribiwa peke yake, bila mtaalamu wa kumfuatilia wala daftari la kuandika yaliyompata.

Hata wasio wajawazito waliachwa. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioonyesha mwaka 1989 kwamba aspirini hupunguza mshtuko wa moyo ulihusisha madaktari 22,071, na wote walikuwa wanaume. Majibu ya utafiti wa wanawake karibu 40,000 yalitoka mwaka 2005: kwa jumla aspirini haikuwapunguzia mshtuko wa kwanza wa moyo, bali iliwapunguzia kiharusi. Tofauti za namna hii zina sababu nyingi. Uwiano wa mafuta na maji mwilini si mmoja kwa mwanamke na mwanaume, ini huvunja baadhi ya dawa kwa kasi tofauti, na mapigo ya moyo wa mwanamke huvurugwa kwa urahisi zaidi na dawa fulani. Zolpidemu, dawa ya usingizi, ilikuwa imetumika Marekani kwa miongo miwili ndipo FDA, mwaka 2013, ikaagiza dozi ya kuanzia ya wanawake ipunguzwe kwa nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5. Dawa ilikuwa inabaki kwenye damu yao hadi asubuhi, wakati wa kuendesha gari.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa dawa za virusi vya UKIMWI. Mei 2018, watafiti waliokuwa wakifuatilia watoto wanaozaliwa hospitalini Botswana walitoa taarifa ya kutisha. Kati ya watoto 426 wa akina mama waliokuwa wakitumia dolutegraviri waliposhika mimba, wanne walikuwa na kasoro za ubongo au uti wa mgongo. Baadhi ya nchi zikawazuilia dawa hiyo wanawake wote wa umri wa kuzaa, hata wasiopanga kuzaa na wanaotumia uzazi wa mpango. Wanaume wakahamishiwa dawa mpya, wanawake wakabakizwa kwenye efavirenzi yenye kizunguzungu na ndoto za kutisha.

Julai mwaka huohuo, wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali wakatoa tamko: tupeni taarifa kamili, mtuachie uamuzi. Naamini tamko lile linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Hawakupuuza hatari, walikataa kuamuliwa. Botswana iliendelea kuhesabu, na kadiri idadi ya watoto ilivyoongezeka ndivyo tofauti ilivyopungua. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dolutegraviri kwa wote, na takwimu za baadaye hazikuonyesha tofauti yoyote ya maana. Leo ndiyo iliyomo kwenye kidonge cha dawa za VVU kiitwacho TLD. Laiti wajawazito wangehusishwa mapema, kwa ridhaa na uangalizi, wanawake wasingeingia kwenye kipindi kile cha hofu.

Liko jambo jingine ambalo kila anayetumia uzazi wa mpango anapaswa kulijua. Utafiti uliofanyika Uganda, ukachapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia wanawake 20 waliokuwa na vijiti vya uzazi wa mpango huku wakitumia efavirenzi. Watatu walishika mimba kabla mwaka haujaisha. Efavirenzi hulifanya ini livunje homoni ya kijiti haraka. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo, na pia dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni. Hivyo kabla ya kuwekewa kijiti au kuanza vidonge, taja kila dawa unayotumia. Na ukianzishiwa dawa mpya, mkumbushe daktari njia yako ya uzazi wa mpango. Mwenye kifafa anayetumia valproeti aseme mapema kama anafikiria kuzaa, kwa sababu dawa hiyo huongeza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro au kuchelewa kukua kiakili. Lakini asiiache ghafla. Kifafa kisichodhibitiwa nacho huua.

Kuhusu moyo niseme kwa ufupi. Maumivu au kubanwa kifua ndiyo dalili kuu ya mshtuko wa moyo kwa wote, ila wanawake, mara nyingi zaidi kuliko wanaume, huja pia na pumzi fupi, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, au maumivu ya mgongo na taya. Dalili hizo zikianza ghafla, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya vidonda vya tumbo pekee. Omba kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Aliyewahi kupata presha ya mimba, kifafa cha mimba au kisukari cha mimba alitaje hata baada ya miaka ishirini, maana hatari yake ya ugonjwa wa moyo au kisukari baadaye huwa kubwa zaidi.

Sasa kuhusu kushiriki utafiti wenyewe, maana ushahidi hautoki kwingine. Afrika yenyewe imeonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya sindano ya lenakapaviri, inayochomwa kila miezi sita kuzuia VVU, iliyojaribiwa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliochomwa, hakuna aliyepata maambukizi. Walioshika mimba njiani hawakufukuzwa: walielezwa upya, na waliokubali wakaendelea.

Ukialikwa kwenye utafiti wa aina yoyote, uliza kama umeidhinishwa. Tanzania Bara kibali cha maadili hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na jaribio la dawa huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya jaribio la dawa hupitia kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza dawa imeshapimwa kwa wanawake wangapi, nini kitafanyika ukishika mimba, nani atagharamia matibabu ukipata madhara, na kama wataalamu watayachambua matokeo ya wanawake peke yake au watayachanganya na ya wanaume. Una haki ya kwenda nyumbani kufikiri, na ya kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma ya kawaida. Nakala ya fomu ya ridhaa ni yako, ondoka nayo. Namba ya simu ya kamati ya maadili iliyoandikwa humo ni ya kupigiwa na mshiriki mwenyewe, bila kupitia kwa mtafiti.