Jua Haki Zako: Majitaka Yakirudi Ndani ya Nyumba, Nani Awajibike?

Mvua za Machi hadi Mei zinapoanza, familia nyingi katika mitaa ya Nairobi huishi zikichungulia choo. Maji machafu hupanda kutoka bombani, hutapakaa sakafuni na kuloanisha godoro, zulia na unga wa watoto. Fundi huitwa, huzibua, hulipwa. Baada ya wiki chache yamerudi. Wengi wamelikubali jambo hili kama mkosi wa ploti. Sheria ya Kenya hailioni hivyo: yuko mtu mwenye wajibu wa kulikomesha, na unaweza kumjua na kumbana.

Jua kwanza pameziba wapi

Majitaka huteremka kwa mwinamo wa bomba. Yakikosa njia mbele hurudi nyuma, yakatokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote, ambalo aghalabu ni la bafu au choo cha ghorofa ya chini. Ndiyo maana mpangaji wa chini huumia kwa uchafu wa jengo zima.

Ikiwa sinki moja tu limekwama, kasoro iko kwenye bomba la sinki hilo. Ikiwa choo, bafu na sinki vyote vimekwama, bomba la nyumba limeziba. Hapo mwombe fundi afunue chemba iliyo karibu na lango. Asiingie ndani yake, kwa sababu hewa ya majitaka huua. Chemba ikiwa tupu ilhali nyumba imefurika, kizuizi kiko ndani ya ploti. Ikiwa imejaa, na za majirani zimejaa pia, kizuizi kiko kwenye bomba kuu la umma.

Ndani ya ploti, wakosaji wakubwa ni mafuta ya kupikia yanayoganda, nepi na sodo, vitambaa, mchanga wa kusugulia sufuria, mizizi ya miti inayopenya kwenye maungio, na bomba lililolazwa bila mwinamo wa kutosha. Kwenye bomba kuu kuna mengine: vifuniko vya chemba huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, takataka zikaingia, maji ya paa huelekezwa kwenye bomba la majitaka, likafurika kila mvua inaponyesha. Tena mitaa kama Umoja ilijengwa kwa nyumba ndogo za chini. Leo maghorofa yamesimama kwenye viwanja vile vile, na mabomba hubebeshwa mzigo ambao hayakupimiwa.

Fimbo ya fundi hutoboa njia katikati ya mafuta au mizizi, lakini chanzo hubaki. Tatizo likijirudia, dai bomba lisafishwe kwa maji ya shinikizo na likaguliwe kwa kamera.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya viwango vya kuridhisha vya usafi wa mazingira. Ibara ya 42 inampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne linakabidhi huduma za maji na majitaka, pamoja na mifereji ya maji ya mvua mijini, kwa serikali za kaunti. Bomba kuu likifurika, usikubali kuambiwa mchange pesa mjizibulie.

Ibara ya 46 inakuhusu zaidi. Inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma hizo, hata zikitolewa na taasisi ya umma. Bili ya maji yenye tozo ya majitaka ni ushahidi kwamba umeilipia huduma hiyo. Itunze.

Mahakama zimewahi kusema wazi. Mwaka 2006, wenye viwanja katika mji wa Kiserian walikuwa wameshtakiwa kwa kutiririsha majitaka. Mahakama Kuu ilifuta mashtaka hayo, ikaeleza kwamba kujenga mtambo wa kusafisha majitaka ni jukumu la mamlaka husika, na kwamba haki ya kuishi inabeba ndani yake haki ya mazingira safi.

Ikiwa wewe ni mpangaji

Kizuizi kikiwa ndani ya ploti, soma Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Bomba au choo kinachohatarisha afya ni kero inayokatazwa na sheria hiyo. Afisa wa afya ya umma anaweza kutoa notisi ya kuiondoa, na kero ikitokana na kasoro ya ujenzi, notisi humwendea mwenye nyumba. Akiikaidi, hupelekwa mahakamani.

Usizuie kodi kwa hasira. Sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kunasa mali ya mpangaji kwa deni la kodi. Ukilazimika kulipa fundi, pata kwanza kibali cha maandishi kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Nawe utimize wajibu wako: ukitupa nepi chooni, umempa mwenye nyumba jibu la kukushinda.

Hatua za kufuata

Moja: weka daftari. Andika tarehe ya kila furiko, piga picha, hifadhi risiti za fundi, na za hospitali ikiwa mtoto ameugua.

Mbili: lalamika kwa maandishi kwa mwenye nyumba ikiwa kizuizi kiko ndani ya ploti, au kwa kampuni ya maji ikiwa kiko kwenye bomba kuu, na udai nambari ya malalamiko. Majirani watie sahihi pamoja.

Tatu: omba rekodi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuuliza, kwa Kiswahili, bomba la mtaa wako lilisafishwa lini na litakarabatiwa lini. Unapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala.

Nne: kampuni ya maji ikikupuuza, iandikie Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, WASREB.

Tano: nenda mahakamani. Ibara ya 70 inakuruhusu kudai haki ya mazingira bila kuthibitisha kwamba umepata hasara, na kwa mujibu wa Ibara ya 22, kesi ya kutetea haki za msingi hufunguliwa bila ada. Madai ya fidia yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Usichelewe: madai ya uzembe dhidi ya Serikali au mamlaka ya mtaa hufungwa baada ya miezi 12. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize kwenye Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Dai kinga pia

Katika barua yako, dai kazi itakayozuia furiko lijalo. Ghorofa ya chini ipewe bomba lake hadi kwenye chemba ya nje, lisiloungana na la ghorofa za juu. Liwekewe vali inayozuia maji kurudi, na isafishwe mara kwa mara. Mikahawa na vibanda vya chipsi viwekewe mtego wa mafuta. Maji ya paa yaelekezwe kwenye mfereji wa mvua. Kila chemba iwe na kifuniko cha zege, ambacho hakimfai mwizi wa vyuma.

Majitaka hubeba kipindupindu na homa ya matumbo, na watoto watambaao sakafuni ndio wa kwanza kuyagusa. Basi usingoje mvua ijayo. Waite majirani wiki hii, andikeni barua moja, mtie sahihi wote, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.